Talaka Iliyomo Kabatini

Mwajabu binti Kondo aliachwa na mumewe redioni, alasiri ya Jumamosi, mbele ya duka la Zoeb pale Temeke, kibaba cha kunde kikiwa mkononi mwake. Aliachwa kwa jina lake na la baba yake, talaka tatu kwa mpigo, na kila aliyekuwa barazani alisikia. Kisha aliyemwacha akakana kwamba amemwacha. Huo ndio ubaya aliotendewa. Mengine yote yaliyosemwa juu yake, kwamba ana kiburi, kwamba ana ulimi, kwamba alimlaza mume kwenye benchi la useremala kama gogo, yalikuja baadaye, na waliosema walianza kuhesabia katikati.

Mwaka huo alikuwa amepita arobaini. Kusoma hakujua. Chuo cha Kurani alitolewa akiwa juzuu ya tatu ili alee wadogo zake, na wadogo zake wakaja wakasoma. Alichokuwa nacho ni nyumba ya Keko aliyoachiwa na marehemu baba yake: vyumba vinne vya udongo, bati mbele, makuti nyuma, na kiwanja kilichotazama njia. Shomari alikuja kwenye kiwanja hicho na msumeno mmoja na nyundo isiyokuwa na mpini. Mzee Kondo alimpa mti wa kutengenezea mpini, halafu akampa binti. Banda la useremala likasimamishwa mbele ya nyumba, na kwa miaka ishirini vitanda na makabati yakatoka pale kwenda Ilala, Kinondoni, hata ng'ambo ya maji Kigamboni.

Wateja walipenda kupitisha kiganja juu ya mbao na kusema, "Mkono wa Shomari ni laini." Shomari alicheka tu. Ulaini ule ulikuwa wa Mwajabu. Shomari alikata, akapiga randa, akaunga. Msasa alipiga mkewe, kila siku baada ya kuosha vyombo, mpaka ncha za vidole vyake zikawa hazina mistari. Hakulalamika. Kazi ya nyumba moja haiulizwi ni ya nani, maadamu nyumba ni moja.

Ndipo akaja Adelard. Alikuwa karani wa stesheni ya redio, kijana wa Bukoba, Mkatoliki, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Alifika Keko kwa baiskeli kuagiza makabati mawili makubwa ya mninga yenye vyumba vyembamba vya kusimamishia sahani za santuri. Alieleza kwamba kila Jumamosi stesheni ilikuwa na kipindi kiitwacho Tuishivyo Mjini. Wiki hii anasemeshwa mkunga, wiki ijayo wazee juu ya mazishi ya Kizaramo, wiki nyingine kodi ya kichwa, au upimaji wa viwanja, au hayo mambo ya vyama yaliyoanza kuchemka, ambayo yalisemwa kwa uangalifu, Mzungu akisikiliza chumba cha pili. Kila kipindi kilichongwa kwenye sahani, na sahani zile hazikutupwa. Ziliwekwa.

"Ziwekwe za nini?" Mwajabu aliuliza, msasa mkononi.

"Kwa ajili ya watakaokuja, mama. Baada ya miaka hamsini mtu akitaka kujua watu wa mji huu waliishi vipi, atafungua kabati."

"Na sie wa Keko tutakuwamo?"

"Mtakuwamo. Ndiyo kazi ya kabati."

Maneno hayo yalimkaa. Makabati yale aliyapiga msasa mara mbili, hata upande wa ndani usioonwa na mtu. Shomari alimwambia anapoteza muda. Yeye aliwaza watu wa miaka hamsini ijayo wakiingiza mkono, na akataka wasichomwe na kibanzi.

Shomari alikwenda kuyafunga makabati stesheni, akakaa huko siku nne. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, ya mtu anayejua kuwa anasikilizwa, na alikuwa hodari wa kutaniana. Adelard alimsikia akitania huku anapiga misumari, akamwomba aingie kwenye mchezo mfupi wa kipindi. Mada ilikuwa talaka za hasira: mume anagombana na mkewe, anamwacha kwa neno moja, kisha mzee mmoja anaeleza madhara yake. Adelard aliandika mchezo mwenyewe. Kwao mtu akifunga ndoa kanisani hakuna neno la kinywani linaloifungua, kwa hiyo kwake talaka ya mchezoni ilikuwa kama kifo cha mchezoni: mtu anaanguka, pazia linashushwa, anainuka anakwenda kula. Hapakuwa na Mwislamu mle chumbani wa kumwambia vingine, ila Shomari, na Shomari alinyamaza.

Karatasini palikuwa na jina la kubuni. Shomari alilikariri, lakini kila alipolisema alisikika kama mtoto anayesoma ubao. Wakarudia mara tatu. Adelard akachoka, akamwambia, "Sema kama uko nyumbani kwako. Mwite kama unavyomwita mkeo."

Akamwita.

Hayo yote Mwajabu aliyajua baadaye. Aliloambiwa na mumewe ni hili tu: "Jumamosi usikose kwa Zoeb. Utanisikia." Basi akavaa kanga yake ya doti mpya, akamchukua na jirani yake Sesilia, mke wa mpishi kutoka Songea, wakaenda.

Zoeb alikuwa Mhindi wa Kibohora mwenye duka la nafaka na mafuta ya taa. Redio yake ilikuwa ya betri, na kila Jumamosi aliigeuza uso ielekee barazani ili watu wasikilize, na wakisikiliza wanunue. Mwajabu alikuwa akipimiwa kunde sauti ya Shomari ilipoingia. Watu wakamgeukia, wakatabasamu. Mtu mmoja akasema, "Bwana wako huyo." Naye akatabasamu. Redioni mume alikuwa anagomba juu ya chakula kilichochelewa. Kisha sauti ikateremka, ikawa haigombi tena.

"Mwajabu binti Kondo, umenichosha. Nimekuacha. Nimekuacha talaka tatu."

Baada ya hapo ikasikika pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo.

Mkono wa Zoeb ndio uliofahamu kwanza. Ulikwenda kwenye kitufe ukazima redio, mzee wa watu akiwa ndiyo kwanza anaanza kueleza madhara. Mwajabu aliweka kibaba juu ya meza taratibu, asimwage hata kunde moja. Gulbahar, mkewe Zoeb, ambaye hakuwa na desturi ya kutokeza mbele ya wanaume, alitoka na bilauri ya maji akampa mkononi, akarudi ndani.

"Bibi Mwajabu," Zoeb alisema, "huu mchezo, ama nini?"

"Sijui, Bwana Zoeb. Aulizwe aliyesema."

Shomari alirudi kabla ya magharibi, anapiga mluzi.

"Je, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nilikuwaje?"

"Ulikuwa vizuri mno," Mwajabu akasema. "Umeniacha."

Shomari akacheka mpaka akashika kiuno. Mchezo ule, akasema, maneno yote aliandikiwa na karani. Mwajabu akamuuliza na jina lake je, nalo aliandikiwa? Kicheko kikakatika. Shomari alitazama nje, akalitazama banda, benchi mbili, mbao zilizosimamishwa ukutani, kitanda cha harusi cha mtu wa Magomeni kilichobakia miguu. Chuoni alikaa zaidi ya Mwajabu. Alijua kwamba mzaha wa talaka hauna mzaha, aliyetamka ametamka. Alijua pia kwamba kiwanja ni cha binti Kondo, na kwamba mwanamume akiacha mke hawezi kuendelea kupiga randa mlangoni kwa mtalaka wake.

"Sikutaja jina," akasema. "Nilisema 'mke wangu'. Masikio yako hayo."

Mwajabu hakubishana. Aliingia ndani, akachukua mkeka na mto wake Shomari, akavipeleka bandani akavitandika juu ya benchi. Tangu siku hiyo fundi wa vitanda alilala kwenye mbao tupu, na asubuhi wapita njia walimkuta anajinyoosha mgongo.

Mji ukapata la kusema. Kisimani walimwita mke wa redio. Mwanamke mmoja alimuuliza kama kesho atatangazwa tena, ili naye akanunue mafuta kwa Zoeb. Sesilia peke yake ndiye aliyemchekesha. Alimwambia, "Wetu wa kanisani hawatuachi hata kwa kipaza sauti, Mwajabu. Ndiyo balaa letu hilo." Wakacheka wote wawili hadi machozi, na ya Mwajabu yakaendelea.

Lililomnyima raha halikuwa kuachwa. Wanawake wengi Keko walikuwa wameachwa, wakakaa eda, wakaolewa, wakaachwa tena, na kanga zao bado ziling'aa. Yeye hakujua kama ni mke au si mke. Akimpikia, anampikia nani? Akimfungulia mlango, anamfungulia mume au mwanamume? Akawaza siku ya kufa kwake, nani atakayemwosha, nani atakayesimama kudai kwamba huyu ni wake.

Akaenda kwa Mwalimu Fakihi, aliyesomesha chuo karibu na msikiti wao, mzee mpole, macho yameanza kuingia ukungu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba kama Shomari alilitaja jina lake na talaka tatu, basi imepita, mchezoni au kwa dhati ni mamoja. Lakini Shomari anakana, na anayekana hashindwi ila kwa mashahidi wawili waliokuwapo wakauona mdomo ukisema. Waliosikia kwa Zoeb walisikia sanduku. Na waliokuwapo ni nani? Karani wa Kikatoliki na Mzungu wa mitambo.

"Basi aisikie sauti yake mwenyewe," Mwajabu akasema. "Aisikie mbele yako, ndipo umwambie ale yamini."

Mwalimu alifikiri. Akasema sahani haiwezi kuwa shahidi, lakini mtu kusikilizishwa maneno yake hakukatazwi, na huenda aibu ikafanya ambalo ushahidi umeshindwa. Akaweka Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya sala. Zoeb aliposikia akasema ataleta gramafoni yake na sindano mpya.

Mwajabu alikwenda stesheni kwa miguu. Askari wa mlangoni alimzuia, akakaa nje juani hadi Adelard alipotoka kwenda kula.

"Shikamoo, mama. Makabati yana tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Makabati hayana tatizo."

Akamweleza. Adelard aliketi pale pale kwenye ngazi, na suruali yake ile. Alimuuliza mara mbili, kweli kwenu neno tu linatosha? Kisha akamwingiza kwa mlango wa nyuma.

Makabati yalikuwa yamesimama ukutani, marefu, mekundu, sahani zimejipanga ndani. Mwajabu alipitisha kiganja. Yalikuwa laini kama alivyoyaacha. Adelard alitoa sahani moja kwenye bahasha yake ya karatasi nzito, akaiweka kwenye mtambo, na Shomari akaanza kugomba juu ya chakula. Mwajabu alisikiliza hadi kwenye jina lake, hadi kwenye talaka, hadi kwenye pumzi.

"Nirudishie hapo mwisho," akasema.

Akamrudishia.

"Hiyo pumzi. Ilikuwamo karatasini?"

Adelard aliifungua karatasi ya mchezo akaitazama, ingawa aliiandika yeye.

"Hapana, mama."

Mwajabu akatikisa kichwa. Jina watu wangeweza kusema lilimponyoka. Maneno alipewa. Lakini pumzi ile aliifahamu: ndivyo Shomari alivyopumua kila alipokamilisha kazi kubwa, akaweka randa chini. Miaka ishirini alikuwa akiisikia akifurahi pamoja naye, na kumbe siku ile kazi iliyokwisha ilikuwa yeye.

Adelard akaahidi kuileta sahani Ijumaa.

Ijumaa watu walijaa kwenye baraza ya chuo. Gramafoni ya Zoeb ilikuwa juu ya kiti, imefunikwa kitambaa na Gulbahar isipate vumbi. Shomari alikuja na kanzu safi. Adelard akafika kwa baiskeli, mikono mitupu, na Mwajabu akajua kabla hajashuka. Mkubwa wake alikataa. Alisema sahani si za kesi za watu, ni kumbukumbu za nchi, zikitolewa moja leo kesho kila mtu atakuja kudai yake. Adelard aliomba mara ya pili, akaambiwa akiomba ya tatu atafute kazi kwingine.

Lakini hakurudi zake. Aliomba ruhusa aseme, na Mwalimu Fakihi akamruhusu kwa heshima. Alisimama akasema yote, la karatasi, la kurudia mara tatu, la yeye kumwambia Shomari aite kama anavyomwita mkewe. "Akamtaja huyu mama, kwa jina lake na la baba yake. Nilimsikia na nilimwona. Kosa la kwanza ni langu."

"Huyu si wa dini yetu," Shomari akasema. "Talaka ataijulia wapi?"

Wapo walioitikia kwa vichwa. Wengine wao walilalia vitanda alivyowatengenezea. Mwalimu alimkumbusha Shomari kwamba yamini ya uongo inamla aliyeila, akamkumbusha tena. Shomari akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wenye kovu kwenye dole gumba, alikochomwa na patasi mwaka wa kwanza wa ndoa, na Mwajabu ndiye aliyemfunga. Akauweka juu ya Msahafu, akaapa kwamba hakulitaja jina.

Mwalimu Fakihi akatoa hukumu akiwa ameinamisha uso. Kwa alivyothibitishiwa mbele ya watu, Mwajabu bado ni mke wa Shomari, na hakuna mwingine anayeweza kumwoa. Lakini kwa alivyosikia Mwajabu kwa masikio yake mwenyewe, Shomari si halali kwake, na asimpe mwili wake.

"Basi mie ni nani, Mwalimu?"

Mzee alifunga kitambaa cha Msahafu, akakifungua, akakifunga tena. Akasema atawaandikia wanavyuoni wakubwa wa Unguja. Aliandika kweli. Majibu yalikuja na yalisema kama alivyosema yeye.

Mwajabu akakaa eda. Aliikaa peke yake, hakuna aliyeitambua, mtalaka wake akipiga nyundo mlangoni, watu wakicheka kwamba hii ni eda ya mume hai asiyeacha. Hakupaka wanja, hakwenda ngomani, mpaka siku zake zikatimia. Msasa hakuushika tena. Vitanda vikaanza kutoka na vibanzi, wateja wakalalamika, Shomari akasema mbao za siku hizi mbaya. Baada ya miezi tisa akaanza kuhamisha vyombo vyake kimoja kimoja, leo msumeno, kesho randa, kama mtu anayeiba mali yake. Akaenda Mbagala, akaoa huko, na wakwe zake wapya aliwaambia kwamba ana mke mkubwa Keko.

Walikuwapo waliomshauri Mwajabu aende kwa liwali akaombe kujivua kwa kumlipa mume. Alikataa. Kujivua ni kukiri kwamba bado amevaa. Hakutaka kununua kitu alichokwisha kupewa mbele ya baraza zima. Akatokea mjane mmoja wa Kigamboni, mwanamume wa taratibu anayelima mihogo, akamposa. Mwalimu Fakihi hakuweza kuifunga ndoa hiyo. Yule bwana alivumilia mwaka mzima, akivuka na kivuko kila baada ya mwezi kuja kuuliza kama kuna habari, kisha akaacha kuja, na Mwajabu hakumlaumu.

Adelard alihamishiwa Tabora. Kabla ya kuondoka alikuja Keko kuaga. Akamwambia kwamba sahani hakuweza kuitoa, lakini bahasha yake aliiandika upya kwa wino, kwa herufi kubwa: Shomari, seremala wa Keko, akimwacha mkewe Mwajabu binti Kondo. Alimsomea kutoka kwenye kijikaratasi, kisha akampa hicho kijikaratasi akihifadhi. Mwajabu akamfungia ndizi mbivu za njiani, akamwambia kwamba deni lake yeye limekwisha.

La wengine bado. Sahani imo kwenye kabati lile, kwenye mbao alizozipiga msasa mara mbili, inawangoja watu wa miaka hamsini ijayo, ambao wataruhusiwa kusikia alichokatazwa Mwajabu kuwasikilizisha watu wawili wa leo. Stesheni inadaiwa kuitoa mara moja, adhuhuri moja, sindano mpya ipo kwa Zoeb. Na Shomari yu hai, anapiga randa Mbagala. Anadaiwa kuja Keko kwa miguu yake, asimame mahali lilipokuwa banda, mbele ya wanaume wawili wanaouona mdomo wake, amtazame binti Kondo, na aseme tena alichokwisha kusema.